Mtoto Aliyehesabu Mistari ya Mahindi

Wapo watoto ambao majirani huwataja kwa sauti ya chini. Mtoto ana miaka mitatu, macho yake ni mazuri, masikio yake yasikia hata mlio wa njiwa aliye mbali. Lakini akiitwa kwa jina lake haitiki. Hamtazami mtu usoni. Azungusha kifuniko cha sufuria sakafuni kama pia, naye akipenda kifuniko hicho kuliko mikono ya mama yake. Ukimnyang'anya, apiga kelele hata watu wa nyumba ya tatu watoka nje kuuliza kuna nini. Jirani mmoja asema mtoto ni bubu. Shangazi asema mama yake alivunja mwiko alipokuwa na mimba. Mwingine, mwenye ulimi mbaya kuliko wote, ataja uchawi.

Sisi walimu twawajua watoto hawa, maana hakuna mwaka ambao hatupati mmoja wao darasani, mara nyingi kwenye benchi la nyuma karibu na dirisha. Huyu ajua kwa moyo majina ya vituo vyote vya treni, lakini hawezi kumwomba mwenziwe kalamu. Yule aziba masikio kengele inapolia. Mwingine achanganya herufi kila siku, ingawa katika hesabu ya kichwa awashinda wote. Na mwingine hawezi kukaa kitako hata kwa muda wa Baba Yetu moja. Wataalamu wamewapa majina mbalimbali, lakini siku hizi wapenda pia kuwataja pamoja: ni watu ambao ubongo wao umejengwa kwa mpango usio wa wengi, tangu tumboni mwa mama zao.

Leo twataka kusema hasa juu ya wale wa kwanza, wasioitika. Hali yao kwa Kiswahili cha siku hizi huitwa usonji. Madaktari wetu hutumia neno la Kifaransa, autisme. Si hali ya watu wachache kama tunavyodhani. Shirika la Afya Ulimwenguni, lile tulilozoea kuliita OMS, lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu mmoja kwa kila watu 127 alikuwa nayo. Kwa kipimo hicho, parokia yenye waamini elfu kumi ingekuwa na watu wapatao themanini. Wako wapi? Je, twawaona?

Swali ambalo wazazi hutuuliza si "ugonjwa huu waitwaje". Huuliza: "Mwalimu, mtoto huyu atakuwa nini?" Ili tujibu bila kubahatisha, yafaa tumtazame mtu mmoja ambaye maisha yake yajulikana tangu utoto mpaka kifo. Naye ndiye mtu wa kwanza kabisa katika historia ya udaktari kuandikwa kwamba ana usonji.

Donald wa Forest

Donald Triplett alizaliwa mwezi wa Septemba 1933 katika Forest, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, kusini ya Marekani. Baba yake, Beamon, alikuwa mwanasheria. Mama yake, Mary, alitoka katika jamaa wenye banki ya mji. Mapema sana mtoto alionyesha mambo ya ajabu. Kabla hajatimiza miaka miwili alikuwa amekwisha kushika kwa moyo Zaburi ya 23, pamoja na maswali 25 na majibu yake ya katekisimu ya Wapresbiteri. Wasomaji wetu waliopata taabu na katekisimu yao wakiwa na miaka kumi watajua hilo ni jambo gani! Lakini mtoto huyo huyo hakumkimbilia baba yake aliporudi nyumbani. Aliwapita wageni kama wapitavyo watu kando ya viti. Alizungusha vitu siku nzima, na mtu akimkatiza, alikasirika kwa ukali wa kutisha.

Siku zile madaktari walikuwa na shauri moja tu kwa watoto wa namna hiyo: waondolewe nyumbani, wawekwe katika nyumba kubwa ya kulelea, na wazazi wasahau. Basi, mwezi wa Agosti 1937, Donald hajatimiza miaka minne, walimpeleka katika nyumba iliyojengwa kwa kuwakinga watoto na kifua kikuu. Wazazi waliruhusiwa kumtazama mara mbili tu kwa mwezi. Huko mtoto alizimika kama taa isiyo na mafuta. Alikaa mahali pamoja bila kujali lolote. Mwaka ulipotimia, wazazi walikwenda kumchukua. Mkuu wa nyumba ile aliwashauri wamwache, akisema mtoto aendelea vizuri, wao hawakukubali.

Twaomba msomaji asimame hapa kidogo. Mengi mema tutakayosimulia yalitoka katika tendo hilo. Wazazi hawakuwa na jina la ugonjwa, wala dawa, wala ahadi ya mtu yeyote. Walikwenda tu wakamrudisha mtoto wao nyumbani.

Kisha walitafuta daktari. Katika Baltimore alikuwako Leo Kanner, mtu aliyehamia Marekani kutoka Ulaya mwaka 1924, bingwa wa akili za watoto. Baba alimtumia barua iliyopigwa kwa mashine, kurasa 33, yenye kueleza kila kitu alichokuwa amekiona kwa mwanawe. Mwezi wa Oktoba 1938 Donald alifika mbele ya daktari huyo, na Kanner mwenyewe hakujua amwite nani, maana katika vitabu vyake hakuwamo mtoto kama huyo. Baada ya miaka mitano, yaani 1943, alitoa habari za watoto 11 waliofanana. Mtoto wa kwanza katika habari hizo ni Donald. Ndivyo jina la usonji lilivyoingia katika udaktari wa watoto.

Kisima, makaburi na jembe

Lakini daktari hakumponya Donald, na mpaka leo hakuna dawa ya kuuondoa usonji. Kilichomsaidia kilitoka mahali pengine.

Mwaka 1942 wazazi walimweka kwa mume na mke wakulima, waliolima shamba la kukodi mwendo wa kilometa 16 hivi kutoka mjini. Hao hawakuwa wasomi. Hawakuwa wamesikia neno lolote juu ya usonji. Mwaka 1945 Kanner alisafiri mpaka shambani kumtazama mtoto, na aliyoyaona yalimstaajabisha hata akayaandika.

Donald alikuwa na tamaa isiyokwisha ya kupima vitu. Wale wakulima hawakumkataza. Walimwambia achimbe kisima, kisha awape habari ya kina chake. Hivyo tamaa ya kupima ilipata kazi. Tena alikuwa na desturi ya kuokota ndege na wadudu waliokufa. Mtu mwingine angemchapa na kuvitupa. Wao walimpa kipande cha ardhi kiwe makaburi, naye akasimamisha kibao juu ya kila mzoga, akaandika jina: kwanza jina la mtu, kisha jina la mnyama, na mwisho jina la jamaa ya yule mkulima. Konokono akazikwa kama mtoto wa nyumba, na tarehe ya kufa kwake ikaandikwa! Twadhani wenyeji walicheka sana jioni. Lakini tazameni: mtoto asiyesema na watu alikuwa sasa akiandika, akifikiri majina, akiwahesabu wenyeji wake kuwa jamaa hata ya wadudu.

Jambo la tatu ndilo twalipenda kuliko yote. Donald alihesabu mistari ya mahindi, akimaliza aanza tena, hata kuchosha wenye kumtazama. Basi, walimpa farasi na jembe la kukokotwa, wakamwambia ahesabu mistari huku akiilima. Siku Kanner alipofika, mtoto alilima mistari mirefu sita mbele yake, akimgeuza farasi vizuri kila mwisho wa shamba. Daktari aliona mambo mawili pamoja: watu wale walimpenda sana mtoto, tena walikuwa imara naye, bila ukali.

Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba kumlea mtoto wa namna hii ni kuchagua moja kati ya njia mbili. Ama twamwachia afanye apendavyo, maskini, kwa kuwa hana akili. Ama twamvunja kwa fimbo mpaka afanane na wenzake. Na methali twaijua, samaki mkunje angali mbichi, nasi twaitumia haraka kuliko inavyotaka. Wakulima wa Mississippi hawakupita njia yoyote ya hizo mbili. Walichukua kile ambacho mtoto alikipenda tayari, hata kama kilikuwa kichekesho, wakakifunga kwenye kazi yenye faida kwa nyumba nzima. Kisima kilihitajika, na shamba lilikuwa shamba la kweli. Hawakumpa mtoto kazi ya kumdanganya ili atulie.

Tena alikwenda shule ya kijijini. Kanner aandika kwamba huko vituko vyake vilikubaliwa, naye akaendelea vizuri katika masomo. Walimu, neno hilo "vilikubaliwa" ni dogo, lakini mtoto wa namna hii akipita shuleni kila siku katikati ya vicheko, hata mwalimu hodari hawezi kumfundisha jambo.

Karani wa banki

Donald alirudi mjini, akamaliza shule ya sekondari mwaka 1953. Akaenda chuo, na mwaka 1958 akapata shahada yake. Somo lake kubwa lilikuwa Kifaransa. Mwaka huo huo alianza kazi katika banki ya jamaa ya mama yake, akaishika kwa miaka zaidi ya sitini. Akiwa na miaka 27 alijifunza kuendesha motokaa. Alicheza gofu karibu kila siku, na mpaka mwaka 1970 alikuwa amekwisha kushinda vikombe sita katika mashindano ya mjini. Alikuwa mwandishi wa shule ya Jumapili katika kanisa lake. Alisafiri peke yake mpaka akazidi nchi 30, Misri ikiwa mojawapo, na kila mara alirudi baada ya siku chache.

Je, aligeuka akawa kama watu wengine? La. Mpaka uzee hakujua kuendesha mazungumzo. Ukimwuliza, ajibu kwa maneno machache, kisha afunga macho au aondoka. Aliwapa watu namba, na namba ya mtu hakuisahau hata baada ya miaka mingi. Hakuoa. Mwaka 1970 mama yake alimwandikia Kanner kwamba mwanawe hakuwa kama wengine katika yote, lakini amepata nafasi yake kati ya watu kupita walivyotumaini. Sisi twaona katika maneno hayo ya mama kipimo cha kweli, kuliko vipimo vingi vya mahospitali.

Watu wa Forest nao walikuwa na sehemu yao. Walimzoea. Kijana alisifiwa kwa hesabu zake za kichwa; husimuliwa kwamba alipoulizwa 87 mara 23, alijibu papo hapo 2001, na wanafunzi wenzake wakajivunia. Waandishi wawili wa Marekani, John Donvan na Caren Zucker, walipofika mjini kutafuta habari zake, zaidi ya mtu mmoja aliwaonya: kama mkiandika neno la kumwumiza Don, tutajua pa kuwapata. Habari hizo walizitangaza mwaka 2010. Donald alifariki mwezi wa Juni 2023, mwenye miaka 89.

Twajua msomaji mwenye busara atasema nini. "Hao walikuwa matajiri! Nani kwetu ana banki?" Ni kweli, tena kuna zaidi ya hayo. Katika Mississippi ya siku zile sheria ziliwatenga watu weusi na weupe. Mtoto mweusi mwenye hali hiyo hiyo, aliyezaliwa mtaa wa pili, hangepata shule ile wala kazi ile. Haifai kulificha jambo hilo. Fedha ndizo zilizolipa safari ya Baltimore, na ujamaa ndio uliofungua mlango wa banki. Lakini fedha hazikuchimba kisima. Akili ya kumpa mtoto mwenye kuhesabu jembe na mistari ilitoka kwa wakulima wasio na shamba la kwao wenyewe.

Tena kuna ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1971 Kanner alitoa habari tena za wale watoto 11, jinsi walivyokuwa baada ya miaka karibu 30. Wanne kati yao walikaa sehemu kubwa ya maisha yao katika mahospitali ya serikali. Hao, aliona, walipoteza ile nuru yao upesi baada ya kuingia. Wengine wao walikuwa na kumbukumbu kama ya Donald walipokuwa wadogo. Kilichowatenganisha, kwa sehemu kubwa, ni mahali walipowekwa na watu waliobaki nao.

Habari nyingine yaongoza upande huo huo, ingawa haikuhusu usonji. Katika kisiwa cha Kauai, nchi ya Hawaii, mabibi wawili wataalamu, Emmy Werner na Ruth Smith, walifuata maisha ya watoto 698, wote waliozaliwa mwaka 1955. Walikuwamo wengi walioanza vibaya: umaskini, taabu za kuzaliwa, ulevi na ugomvi nyumbani. Kati ya hao walioanza vibaya zaidi, mmoja kwa kila watatu alikua mtu mzima imara, mwenye kazi na mapendo. Walipochungua kwa nini, waliona kwamba watoto hao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewakubali bila masharti, awe nyanya, shangazi, jirani au mwalimu. Tena wengi walikuwa na kazi fulani ya kila siku ambayo nyumba iliitegemea.

Na huku kwetu?

Huku kwetu twaanza na deni kubwa. Tangu miaka ya 1990, katika Kinshasa, Mbuji-Mayi, Lubumbashi na miji mingine, watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa kushitakiwa kuwa wachawi. Na dalili zinazotajwa ni zipi? Mtoto halali usiku. Asema peke yake. Hacheki na wenzake. Ana kifafa. Ni mkaidi. Msomaji atatambua kwamba nyingi za dalili hizo ndizo tulizokwisha kuzisimulia. Wapo wanaojiita manabii ambao huwafungisha watoto hao njaa siku nyingi, kisha hupokea fedha za wazazi kwa ajili ya kazi hiyo. Sheria ya nchi yetu, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, yenye kumlinda mtoto, yakataza kabisa kumshitaki mtoto uchawi, nayo yaweka adhabu ya kifungo. Mwenye kuona jambo hilo mtaani asinyamaze.

Na mama asishitakiwe pia. Hata Ulaya na Marekani kosa hili lilifanyika. Kwa miaka mingi wataalamu walisema kwamba usonji watoka kwa mama mwenye moyo baridi. Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima cha kueneza wazo hilo mwaka 1967. Akina mama maelfu walilia bure. Lakini mwaka 1964 Bernard Rimland, aliyekuwa mtaalamu na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba ni jambo la mwili. Na mwaka 1977 wataalamu wawili waliofanya kazi katika Uingereza walichungua jozi 21 za mapacha, wakaona kwamba mapacha wafananao kabisa hushirikiana hali hii kuliko mapacha wa kawaida. Ni jambo la urithi wa damu na ukuaji wa ubongo. Si mwiko uliovunjwa, wala si chanjo, wala si ubaridi wa mama.

Basi, wazazi wafanye nini, wakiwa mbali na Baltimore? OMS imetengeneza mafunzo kwa wazazi wa watoto wenye umri wa miaka 2 mpaka 9, vikao 9 vya pamoja na matembezi 3 ya nyumbani. Jambo zuri ni kwamba mzazi hangoji hati ya daktari ili aanze. Shabaha yake yafanana sana na yale ya shambani. Mzazi ashuke chini, akae mbele ya mtoto, atazame ni kitu gani anachokipenda, kisha aingie katika mchezo huo badala ya kumwondoa. Kama azungusha kifuniko, wewe nawe zungusha chako. Sema maneno machache: "Zungusha!" "Simama!" Siku moja atakutazama kuona kama utasema tena. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Kazi za nyumbani zigawanywe vipande vidogo. Mtoto asiyeweza kunawa mikono peke yake, mshike mikono tangu mwanzo mpaka karibu ya mwisho, umwache afanye kipande cha mwisho tu, yaani kujifuta kwa kitambaa. Akikishika hicho, mwachie na kile kilichotangulia, na hivi hivi mpaka mwanzo. Njia hii ni ya polepole, lakini mtoto kila siku amaliza kazi kwa ushindi. Mtoto aliyemaliza kazi kwa ushindi ataka kurudia kesho. Aliyeshindwa mbele ya watu hukimbia.

Sasa neno kwa walimu wenzetu. Tangu elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bure mwaka 2019, madarasa yetu yamejaa hata madirisha. Hatusemi kwamba mwalimu mwenye watoto sitini au zaidi anaweza kukaa na mmoja saa nzima. Lakini yako mambo yasiyodai muda wala franka. Mkalishe mbele, mbali na mlango. Mwambie kabla kengele haijalia kwamba italia. Ukiwa na neno jipya, kama mtihani au matembezi, mwambie tangu jana yake, kwa maana mambo ya ghafula humtisha kuliko wengine. Mpe amri moja moja, si tatu kwa pumzi moja. Usimlazimishe kukutazama machoni. Wengi wao husikia vizuri zaidi wakitazama ukuta. Mtafutie mwenzi mmoja mpole wa kukaa naye, kwa maana rafiki mmoja yamtosha. Anayedhihaki, mkomeshe mara ya kwanza, kabla darasa zima halijaionja tamu ya kucheka.

Na ile kazi ya mistari ya mahindi yapatikana katika kila shule. Mwenye kupenda kuhesabu akabidhiwe madaftari ya darasa, ayahesabu asubuhi na jioni, atoe taarifa. Mwenye kushika saa awe mpiga kengele. Wengine watachelewa, yeye hachelewi. Mwenye kupenda kupanga vitu kwa rangi na ukubwa awekwe kwenye sanduku la vitabu. Tumeona mpiga kengele wa namna hiyo akisalimiwa kwa jina na watoto wa madarasa yote, ambao mwaka uliotangulia walimkimbia.

Limebaki neno ambalo wazazi husema mwisho kabisa, wakiwa wamesimama mlangoni tayari kwenda. "Na sisi tukifa?" Katika Forest wazazi walikuwa wameweka fungu la mali chini ya ulinzi, alikuwapo ndugu, na walikuwapo watu wa banki na wa kiwanja cha gofu, waliomjua tangu zamani. Donald alibaki katika nyumba ile ile aliyokulia mpaka uzee. Sisi hatuna fungu la mali, lakini tuna ukoo, nao usingojwe siku ya matanga. Mzazi achague mapema watu wawili, mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama, walio wavumilivu kuliko walio matajiri. Mtoto alale kwao usiku mmoja, kisha wiki, mpaka nyumba yao iwe yake. Ajifunze kutaja jina lake, mtaa wake na namba ya simu ya mmoja wao. Afuatane nao sokoni, wauza chumvi na mafuta wamjue uso. Na mzazi anunue daftari moja, aandike humo kama yule baba wa kurasa 33: mtoto ala nini, akataa nini, sauti gani yamtisha, wimbo gani wamtuliza, ajua kazi gani na ameishia kipande gani. Daftari hilo likae pamoja na cheti chake cha kuzaliwa na cha ubatizo, na wale wawili wajue ni sanduku lipi.